Nitatambuaje siku ambazo yai limepevuka?

Swali (Umoja, Nairobi): Ndugu zangu, mzunguko wangu hubadilika kila mwezi, ilhali programu ya simu husisitiza siku ya 14 tangu hedhi ianze. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Je, ni dalili zipi za kutegemewa?

Jibu la kwanza: Dada, siku ya 14 humfaa hasa mwenye mzunguko wa siku 28, kwa kuwa yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita. Chunguza ute wa ukeni: ukiwa mwangavu, wenye kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bibichi, siku zenyewe zimewadia. Msisubiri dalili zaidi, kwani mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke, lakini yai halizidi saa 24.

Jibu la pili: Naongeza kwamba joto la mwili, likipimwa alfajiri kabla ya kuondoka kitandani, hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kwa hiyo huthibitisha tu yaliyokwisha kupita. Vipimo vya mkojo vya kutambua yai linapokaribia kutoka, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, ndivyo hutangulia, kwa saa 24 hadi 36 hivi.

Muuliza swali: Asanteni. Nina umri wa miaka 36. Nimwone daktari lini?

Jibu la pili: Baada ya miezi 6 ya kujaribu, pamoja na mumeo, naye apimwe.