Sola, tangi la mvua au kuta kwanza? Jumba la chama, Lamu

MwanaLangoni
Assalaam aleikum jamaa. Chama chetu kina jumba la miaka mingi, watoto husoma humo jioni na kina mama husuka mikeka. Tumepata mfadhili ataka jumba lisiharibu mazingira. Pesa zatosha jambo moja kubwa, si mawili. Vijana wataka sola, kina mama wataka tangi la maji ya mvua, mzee wetu mmoja ashikilia kuta zirekebishwe kwanza. Mwaonaje? Kamati yakutana Ijumaa baada ya Alasiri.

Fundi_Chokaa
Waaleikum salaam. Umeuliza dawa hujataja ugonjwa. Liko Mji wa Kale au nje? Paa ni makuti au bati? Mali yenu au mmepanga?

Kaskazi84
Na tokeni za stima ni pesa ngapi kwa mwezi?

MwanaLangoni
Niwieni radhi. Ni Mji wa Kale, kuta za matumbawe. Paa nusu makuti, nusu bati. Tokeni kama elfu tatu u nusu. Feni sita za dari, taa za mrija, na friji ya kina mama.

Kaskazi84
Feni sita za wati 70 zikizunguka saa nane ni uniti tatu na zaidi kwa siku. Ondoeni hizo taa za mrija muweke za LED, hilo halingoji mfadhili. Halafu sola. Jua la hapa ni la bure.

BiUkili
Jua la bure, betri je? Mwanangu, sisi twanunua maji kwa mitungi kwa sababu ya kisima yana chumvi, chai haiteremki. Bati la mita 60 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, ni karibu lita 600. Masika yatajaza tangi mpaka mchoke. Ila msichukue maji ya upande wa makuti, hutoka rangi ya chai ya jana.

Jirani_Malindi
Ngojeni niwape yaliyotupata. Kituo chetu kiko karibu na ufuo. Tuliletewa sola na kampuni moja, siitaji, paneli nane na betri za maji nne. Siku ya kuwasha tulipika pilau. Sasa sikilizeni. Vyuma vya kushikia paneli vilikuwa vya kawaida na skrubu za kawaida. Mwaka wa pili ukivigusa vyamomonyoka kama biskuti. Upepo wa kusi ukaja, usiku paneli moja ikang'oka, tukaikuta asubuhi imelala uani kifudifudi, karibu na pale watoto huvua viatu. Nayo betri, nani wa kuzitia maji? Kila mtu alidhani ni mwenzake. Tena kuna kijana alichomeka friji ya kuuzia barafu, usiku kucha. Betri hizo ni za madini ya risasi, ukizimaliza umeme chini ya nusu kila siku hazikai. Zikafa zote nne, na fundi simu hashiki. Mkiweka sola, vyuma viwe visivyoshika kutu, na mtu mmoja apewe ufunguo wa chumba cha betri.

Kaskazi84
Hiyo si sola iliyoharibika, ni nyinyi.

Jirani_Malindi
Sawa, shekhe. Pilau hukula wewe.

Fundi_Chokaa
Mzee wenu ndiye mwenye akili. Je, kuna mtu aliwapigia plasta ya saruji? Matumbawe hupumua. Ukiyafunga kwa saruji unyevu hubaki ndani, chumvi yasukuma, plasta yadondoka vipande kama ukoko. Hiyo hubanduliwa, yarudishwa chokaa. Kuta nene zikiwa kavu na madirisha ya kupitisha upepo, feni mbili zatosha. Na paneli za kuonekana kutoka njiani muwaulize watu wa Makavazi ya Kitaifa kwanza. Huu ni mji wa Urithi wa Dunia tangu 2001, hakupandishwi kitu juu ya paa ovyo.

MwanaLangoni
Naam, saruji ipo, chumba cha chini chote. Kila Ramadhani twapaka rangi na kila Ramadhani yabanduka.

PundaMjini
Ng'oeni na hilo bati, muweke makuti kote. Bati ni tanuri.

BiUkili
Na maji ya mvua tukinge kwa kanga? Makuti ni panya, na kila miaka michache waezeka upya.

PundaMjini
Bibi yangu ameishi chini ya makuti maisha yake yote, panya alimwona sokoni tu.

MwanaLangoni
Jambo jingine nilisahau. Jumba ni wakfu.

Fundi_Chokaa
Lahaula! Hilo ndilo la kusema mwanzo. Hamgusi ukuta wala paa bila mutawalli, msimamizi wa wakfu, na huenda mkapelekwa mpaka Kamisheni ya Wakfu. Mfadhili amepewa karatasi gani?

MwanaLangoni
Mutawalli yuko Mombasa. Nitampigia leo. Lakini kuna birika la kale la kuwekea maji uani, kavu, limejaa vifusi. Likisafishwa si litakuwa tangi?

BiUkili
Hapo sasa! Na samaki wadogo mtie, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Kwetu walikuwamo tangu nizaliwe.

Kaskazi84
Wapatikana wapi siku hizi, Bi? Nami nataka.