Kima cha chini: mruko mkubwa baada ya miaka, nyongeza ndogo kila mwaka, au kwa kanda kama Kenya?

Hesabu_Safi
Wakuu, kwamba kima cha chini cha mshahara kipandishwe au kisipandishwe, hilo limeshapita. Amri mpya ya sekta binafsi Tanzania Bara imetoa wastani wa kima hicho kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 2026. Ninachotaka tulinganishe ni namna ya kupandisha. Sisi tumezoea kukaa kimya miaka mingi kisha tunaruka. Wengine wanataka nyongeza ya kila mwaka ifuate mfumuko wa bei, na Kenya wanagawa kwa maeneo. Leteni hesabu.

Mizani
Nianze na mruko, maana maumivu yake yanapimika. Amri ya 2013 iliweka sekta ya biashara 115,000. Iliyofuata ilitoka 2022 ikaanza Januari 2023, ikaweka 150,000. Chukua mfumuko wa asilimia 4 tu kwa mwaka kwa miaka tisa: 115,000 ilitakiwa ifike kama 163,700. Kwa hiyo hata siku kima kipya kilipoanza mfanyakazi alikuwa nyuma kwa zaidi ya 13,000 kila mwezi, na miaka yote ya katikati hakuna atakayemrudishia.

Mwajiri naye anaumia. Duka lenye watu 20 wa kima cha chini: nyongeza ya 35,000 × 20 ni 700,000 kwa mwezi. Weka NSSF (hifadhi ya jamii) ya mwajiri asilimia 10, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5 na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), ambayo wakati huo ilikuwa 4, jumla inafika 801,500, na zote zinadaiwa kuanzia mwezi huohuo mmoja. Ndipo mikataba inageuzwa vibarua, au posho ya chakula na nauli inamezwa ndani ya mshahara ili namba itimie huku mfukoni hakijaongezeka kitu. Kwa nyongeza ya asilimia 4, mwaka wa kwanza ni 4,600 kwa mtu. Hiyo duka linaibeba bila kumgusa mtu.

Pwani_Nairobi
Kwa kanda, faida ni moja: kodi ya nyumba Nairobi si ya kijijini. Tangu Novemba 2024 kibarua wa kawaida Nairobi ni shilingi za Kenya 16,113.75 kwa mwezi, na maeneo ya mwisho kabisa ni kama 8,596. Shida iko mpakani. Ukivuka tu kuingia Mavoko, mji jirani ulio kanda ya chini yake, unapoteza zaidi ya shilingi 1,200, na unga ni bei ileile.

Na msisahau, hizo namba hazina marupurupu ya nyumba. Ongeza asilimia 15, Nairobi inakuwa 18,530. Waajiri wengi huandika 16,113 "yote ndani". Huo ni upungufu wa 2,417 kila mwezi.

Mkonge
Mizani, nakuunga mkono, ila nyongeza ya kila mwaka haimfikii anayelipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi aliyopangiwa. Kilimo 2023 kilikuwa 140,000, yaani 5,384 kwa siku ukigawa kwa siku 26 za kazi. Tuseme kazi ya siku ni kukata matita 100 ya mkonge: kila tita ni shilingi 53.8. Msimamizi akisogeza kazi hadi matita 120 kwa malipo yaleyale, tita linashuka hadi 44.9. Kwenye karatasi sheria imefuatwa, lakini mgongo wa mkataji ndio umelipa. Amri isipofunga ukubwa wa kipande, njia zote tatu zinavuja hapohapo.

Hesabu_Safi
Hoja nzito hiyo. Na kodi je?

Mizani
PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inaanza juu ya 270,000 kwa mwezi, asilimia 8 ya kinachozidi. Angalia serikalini, kima kilipotoka 370,000 kwenda 500,000 Julai 2025: toa asilimia 5 ya pensheni, inabaki 475,000, kodi 16,400. Awali kodi ilikuwa 6,520. Mpaka wa 270,000 ukibaki pale mshahara unapofuata bei, kila mwaka nyongeza inalika kidogo. Viende pamoja.

Mkonge
Kwa wanaokagua hati ya mshahara mwezi wa kwanza wa kima kipya: gawa mshahara wa mwezi kwa saa 195 za mwezi, upate wa saa. Kwa 150,000 ni 769. Saa ya ziada ni mara 1.5, yaani 1,154. Wengi hubadilisha mshahara wa msingi wakasahau hapa, na saa za ziada zinaendelea kulipwa kwa kima cha zamani.