Nataka kujitolea kutembeza mbwa, ila ninawaogopa

MwanaKisauni

Habari zenu. Naomba msinicheke. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, na kwetu mbwa ukimwona unahamia upande wa pili wa barabara, ama unaokota jiwe. Sasa niko Nairobi mwaka wa pili, nafanya uhasibu, Jumatatu hadi Ijumaa naangalia hesabu za watu wengine.

Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini alinipitisha kwenye makao ya wanyama, yeye alikuwa akipeleka unga na mifupa. Nilibaki nje ya vizimba, mikono mfukoni. Jibwa moja jeusi lenye sikio lililochanika likaja taratibu, likageuka, likaegemeza ubavu wake kwenye waya pale niliposimama. Halikubweka. Liliegemea tu, na manyoya yakatokeza kwenye matundu ya waya. Tangu siku hiyo ninalifikiria.

Wanapokea watu wa kujitolea Jumamosi, kuwatembeza na kucheza nao. Kuna mwenye kufanya kazi hii hapa? Mtu anafanya nini hasa? Nikiumwa je? Na mimi ni Muislamu, Shafii kama wengi wetu wa pwani, mate ya mbwa yananitia wasiwasi kuliko meno. Mamangu sijamwambia.

BabaRuiru

Kaka, kuna vijana Runda na Muthaiga wanalipwa kutembeza mbwa wa matajiri. Wewe unataka kufanya bure, tena unawaogopa? Nairobi ina mambo. Haya, ngoja wenye ujuzi waje, na mimi nimekaa nisome.

FundiCherehani

MwanaKisauni, karibu. Mimi ni fundi nguo, kibanda changu kiko Kawangware, na Jumamosi nafungua saa nane mchana kwa sababu asubuhi niko na mbwa. Huu ni mwaka wa nne. Sikuanza kwa mapenzi. Mteja mmoja aliniomba nimwekee vibaki vya vitambaa vizito vya kuwatandikia mbwa, kisha akapotea, na magunia yakanijaa hadi sina pa kuweka miguu. Nikavipeleka mwenyewe. Dada mmoja wa pale, mikono imejaa ndoo, akanipa kamba akasema, "Mtoe huyu dakika kumi nisafishe banda." Nikamtoa. Mpaka leo sijamaliza hizo dakika kumi.

Kwanza futa kichwani zile picha za kwenye simu, mtu na mbwa wanakimbia kwenye nyasi. Mbwa niliyekaa naye zaidi aliitwa Chapati, rangi yake ya chapati iliyosahauliwa kidogo kwenye moto. Aliletwa akiwa na waya shingoni, ule wa kufungia nondo, umezama kwenye nyama. Daktari aliutoa, na kovu likabaki limejikunja kama mshono wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Jumamosi ya kwanza tulitoka getini, hatua kama ishirini, tukafika kwenye mkaratusi, akalala. Nikavuta kidogo. Akajifanya gunia la mchele. Basi nikakaa chini naye saa nzima, suruali ikaingia vumbi jekundu ambalo halijatoka mpaka leo. Jumamosi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu akainuka, akaunusa ule mti kuanzia kwenye mizizi mpaka shingo yake ilipofika mwisho. Niliporudi kibandani nikamwambia jirani yangu wa mitumba, "Leo amenusa mti!" Akaniuliza kama nimekula.

Kunusa ndiyo kazi yenyewe, usione kama anakuchelewesha. Mbwa wa makaoni wiki nzima anasikia milango ya chuma na wenzake wakibweka. Ukimfikisha kwenye nguzo ya stima, hapo ni barazani kwake: nani amepita, lini, alikuwa na hali gani. Muache apate habari. Kuna vijana huja na viatu vya mbio, wanataka kilomita tano, wanamvuta mbwa mbele kama mkokoteni. Wanarudi wote wawili wamechoka na hakuna aliyefurahi.

Kamba sasa. Usiizungushe mkononi. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia hakinyooki, na hii ndiyo sababu. Paka alikatiza, mbwa akaruka, kamba ilikuwa imenizunguka mara mbili. Ilikuwa Disemba, nina oda ya sare za shule za kufungulia Januari, na wiki mbili sikuweza kusukuma kitambaa chini ya sindano. Kitanzi kipitishe kwenye kidole gumba, ukunje ngumi juu yake, mkono wa pili ushike katikati ya kamba. Akikushinda unaachia, kidole kinabaki chako.

Na mkanda wa shingoni, kabla hujatoka, ingiza vidole viwili. Vikiingia vinne, umelegea. Mimi nilimlegezea Chapati kwa huruma, kwa ajili ya lile kovu. Pikipiki ikapiga mlio barabarani, akarudi kinyumenyume, kichwa kikachomoka kama mkono kwenye shati, huyo! Mimi nyuma yake, napiga kelele, "Chapati! Chapati!" Fikiria wapita njia. Kadiri nilivyokimbia ndivyo naye alivyozidi. Mzee mmoja mhudumu akatoka getini akapaza sauti: "Kaa chini!" Nikawaza, huyu mzee anadhani mbwa atamsikia? Akarudia: "Wewe! Kaa chini wewe!" Nikakaa palepale kandokando ya barabara, nimempa mbwa ubavu, macho chini. Sijui ilipita dakika ngapi. Nilisikia kwanza pumzi, halafu nikaona miguu ya mbele, umbali wa mkono. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu nyoka wake alikuwa ni watu, sasa mimi namkimbilia nikipiga mayowe.

Wiki hiyo nilinunua mikanda ya viti vya gari kwa fundi wa gereji, nikakata mkanda wa kifuani, unaopita nyuma ya miguu ya mbele na usiogusa kovu. Cherehani yangu ilivunja sindano tatu ikakataa. Nikampelekea mshona viatu, akanicheka, akashona. Sasa nimeshona zaidi ya thelathini na yeye ndiye anayenidai.

Kucheza ni hadithi nyingine. Watoto wa mbwa watakutafuna kamba za viatu bila kufundishwa. Wakubwa wengine hawajawahi kucheza maishani. Unatupa mpira, anautazama unavyoenda, kisha anakutazama wewe: umetupa kitu chako, kakichukue. Nenda kakichukue. Nimefanya hivyo miezi miwili na jike mmoja, mimi natupa, mimi nafuata, siku moja akanitangulia. Hakuurudisha, aliulalia. Ukiwa na mbwa usiyemjua, usishindane naye kuvuta kitu, na ukimkuta anakula au ana mfupa mpitie mbali.

Kuhusu woga: usiuache nyumbani. Watu niliowaona wakiumwa wote ni wale "mbwa wananipenda mimi," wanaoinamia uso wa mbwa na kumkumbatia. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Mwili ukikauka ghafla, akilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho ukaonekana, hapo amekwishakuomba kwa adabu umpe nafasi. Simama ubavu, usimkodolee macho, mwache aje yeye. Hilo jeusi lako limekwishaanza.

Piga simu kwanza, watakupangia siku ya kuelekezwa. Vaa viatu vya kufunika, suruali ndefu, simu mfukoni. Na usiende mara moja tu ukapige picha. Afadhali usiende kabisa.

Chapati? Nilifika Jumamosi moja nikakuta banda lake lina mbwa mwingine. Familia ilimchukua Jumatano. Walinionyesha picha, amelala kwenye zulia la kijani, na mkanda wangu kifuani. Nikakaa kwenye ndoo kidogo, kisha nikapewa kamba ya mwingine.

Mama_Kibokoni

Mwanangu wa Kisauni, mie si mufti, lakini nimesomesha chuoni miaka mingi, na swali lako si geni.

Katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi nzito, mwili mzima, si mate peke yake. Lakini najisi haihami kavu kwa kavu. Akikugusa manyoya makavu na nguo yako kavu, huna la kuosha. Akikulamba, au akiwa na majimaji, hapo ni kuosha mara saba, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Udongo wa Nairobi si haba, huyo fundi amekwambia. Wenzetu Wamaliki wanaona mbwa ni tohara. Nakutajia ujue tu kuwa wanazuoni hawakusema kauli moja, sikwambii uhame madhehebu kwa sababu ya jibwa jeusi.

Kufanya, fanya hivi: nguo za kazi hiyo ziwe mbali, na fuko lake, viatu vyake, glavu. Nguo hizo usiswalie. Nenda asubuhi na mapema ili adhuhuri ikukute umekwisha kuoga. Mama yako mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa jirani, na ukimwambia anza na kile kisa anachokijua tangu mdogo, cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kimo katika vitabu vya hadithi, cha Bukhari na cha Muslim.

Na yale mawe mliyokuwa mkiwarushia huko Kisauni, hayo hayana madhehebu.

daktari_wa_mifugo_254

Fundi kamaliza mengi, niongeze ya hospitali. Uliza makao kama mbwa wao wana chanjo ya kichaa, na wapya wanatengwa muda gani. Wewe mwenyewe, kama utakuwa unaenda kila wiki, zungumza na daktari kuhusu chanjo ya kichaa ya kujikinga mapema, na pepopunda.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata kama ni kidogo na hata kama mbwa "anajulikana": maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usingoje uone mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikianza mapema kinazuilika. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kichaa kinachotokana na mbwa ifikapo 2030, na hesabu yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hao wa makaoni, wakisimamiwa vizuri, wana chanjo kuliko wengi wa mtaani kwako.

Jambo la pili ni pavo. Inaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na virusi vyake vinakaa ardhini miezi. Vinasafiri kwenye soli ya kiatu. Ukiona beseni la maji ya Jik mlangoni, kanyaga, hata kama viatu ni vipya. Ukitoka upande wa wagonjwa usipitie kwa watoto kuaga.

BabaRuiru

Mimi nilikuja kucheka, sasa nimempigia mke wangu simu aangalie kadi ya chanjo ya Simba wetu. Haionekani. Simba amefungwa nyuma ya nyumba tangu Pasaka iliyopita. Fundi, hiyo mikanda ya kifuani unauza?

MwanaKisauni

Narudi na habari. Nimekwenda Jumamosi mbili.

Ya kwanza sikushika kamba. Walinielekeza, nikapewa fagio, nikafagia. Ya pili nikapewa yule mweusi. Kumbe ni jike, mzee, wanamwita Shangazi. Mkono ulinitetemeka hadi kamba ikawa inacheza. Yeye akanisubiri, kweli nawaambia, akasimama getini akageuza kichwa. Tulitembea mpaka kwenye nguzo ya pili ya stima, na hapo akafanya baraza la dakika kumi na mbili. Nilihesabu, ni kazi yangu kuhesabu. Kurudi, akaniegemea mguuni. Manyoya makavu, suruali kavu. Nilijikuta nasema hivyo kwa sauti na mhudumu akaniuliza nasali au vipi.

Mama nilimwambia kwa simu. Alinyamaza, nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza: "Na hao wanawapa maji?" Nikamwambia wanawapa. Akasema nisije na zile nguo nyumbani Idi.

Shangazi anakohoa mkanda wa shingoni ukimkaza, na ukilegea unapita masikio.

FundiCherehani

Baba Ruiru, hiyo siuzi, lete mikanda ya gari chakavu na pesa ya mshona viatu, na umfungue Simba leo.

MwanaKisauni, Jumamosi nenda na uzi wa kawaida. Mwache kwanza asimame, ukiwa ubavuni kwake, uzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, vidole viwili viwe ndani, ufunge fundo ulipokutana. Uzi wa pili chini ya shingo, juu ya mabega, fundo. Usiandike sentimita, utakosea, niletee uzi wenyewe. Kama anaogopa kuguswa tumbo, mpimie akiwa amekuegemea.