Nimenunua mashine ya boti, vijana wanasema mwenyewe bado yumo. Nifanyeje?

MamaDagaa_Sahare

Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho, kucheka mcheke baadaye.

Mimi ni mwanamke, naishi Sahare hapa Tanga. Miaka mingi nilikuwa nanunua samaki alfajiri pale Deep Sea na kuwauza wa kukaanga, hadi nikajikakamua nikapata boti yangu ya faiba. Mashine nilikuwa nakodi, na mgao wa mashine ukishatoka, mimi mwenye boti nabaki na harufu ya dagaa. Basi mwezi wa tatu nikakopa kikoba, nikapata mashine ya nguvu za farasi 40 ya mtumba kwa 2,500,000. Muuzaji akasema imetoka Pangani, mwenyewe kaacha uvuvi. Ni kweli kaacha. Kafa.

Hilo nimelijua giza la pili (sisi wa dagaa tunahesabu kwa giza, mwezi ukiwaka hatutoki). Kijana wangu wa taa, miaka kumi na tisa, wakiwa nje ya kisiwa cha Ulenge saa tisa usiku, kaona mtu kakaa omoni, mbele kabisa ya boti, kawapa mgongo, kavaa koti la mvua la njano. Hakushtuka, alidhani ni mwenzake anasikia baridi. Akamwambia, "Oya, nisogezee ndoo hiyo." Yule mtu akageuka, hakusema kitu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mashine. Kijana naye akaitazama mashine. Aliporudisha macho omoni hapana mtu, na wenzake wote wanne wako nyuma wanavuta wavu.

Ningesema ni usingizi. Lakini siku mbili baadaye nahodha wangu mwenyewe naye akamwona yule mtu, na nahodha huyo ni mtu mzima, swala hazimpiti, si mtu wa kuzusha. Ndipo akapiga simu Pangani kwa ndugu zake. Wakamwambia boti ya mashine ile ilipinduka mlangoni mwa mto, nahodha wake akafa maji, na mashine ikakaa chini siku mbili kabla ya kuopolewa. Na koti la njano? "Ndilo lake, bandari nzima tulimjua kwa koti lile."

Asubuhi ile akaja kwangu na kapu tupu. "Tajiri, boti yako nzuri, na wewe mwenyewe hatuna neno nawe. Lakini ile mashine hatuifungi tena."

Leo siku ya tisa boti imelala mchangani. Marejesho ya kikoba ni kila Ijumaa. Shoga yangu ananiambia nipeleke kuku wa tambiko Mapango ya Amboni. Mume wangu anasema niiuze Mombasa ambako marehemu hawamjui. Nisaidieni mawazo.

Kijana wa Makorora

Uza, dada. Mume kasema kweli. Usiandike tu humu utakapoiuza.

WajaLeo

Tanga hii waja leo waondoka leo, huyo mzimu wa Pangani yeye kaja na kuhamia kabisa? Mtozeni nauli.

Bibi wa Chumbageni

Nyie watoto, mtu ana deni na nyinyi mwaleta mzaha.

Mwanangu wa Sahare, mimi sina haja ya kujua vijana wako waliona nini. Nina swali moja tu. Mashine ya marehemu ni mirathi. Nani aliiuza? Marehemu ana mjane? Ana watoto? Hitima ilisomwa au maiti alizikwa watu wakatawanyika kila mtu na lake? Ulizia hayo kabla hujanunua kuku wa mtu. Amboni waende wanaokwenda, lakini kuku hamlipi mjane haki yake.

Fundi Ndege Mstaafu

Dada, mimi si mtu wa bahari. Nimekula mshahara wangu kwenye kufungua na kufunga ndege, sasa nimestaafu niko Raskazone nafuga bata. Lakini kisa chako nimekisikia zamani sana hangani, kikisimuliwa na wazungu waliokuja kutufundisha, na kilikuwa cha ndege.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern la Marekani, safari namba 401, ilitoka New York kwenda Miami. Ndege mpya, Lockheed TriStar, watu 176 ndani. Wanakaribia kutua, wanashusha magurudumu, taa ya gurudumu la mbele haiwaki. Rubani, Bob Loft, akakatisha kutua, wakapanda hadi futi 2,000, wakaiachia ndege ijiendeshe yenyewe, wakaelekea magharibi juu ya vinamasi vya Everglades. Kule chini hakuna hata kibatari, ni giza la kwenu la kuvulia dagaa. Sasa sikiliza. Rubani msaidizi anahangaika na kifuniko cha ile taa, kimekwama. Mhandisi wa ndege, Don Repo, kashuka kwenye shimo chini ya sakafu akachungulie gurudumu kwa macho. Rubani anatoa maelekezo. Katika kujipindapinda huko usukani ukasukumwa kidogo tu, na ile mitambo ikaacha kushikilia kimo. Ndege ikaanza kushuka polepole, taratibu kama anayeshuka ngazi kwa vidole, hakuna aliyehisi. Kengele ya kuonya ililia mara moja kwenye meza ya mhandisi, na mhandisi yuko shimoni. Hata mwongoza ndege wa Miami aliona kwenye skrini futi 900, akauliza tu mambo yanaendeleaje huko.

Walikufa 101. Na gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri kabisa. Kilichoungua ni balbu, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Wa kwanza kuwafikia majeruhi alikuwa mvuvi wa vyura, mtu yuko kinamasini usiku na taa yake kichwani na boti yake ya pangaboi, Robert Marquis. Akaungua kwa mafuta ya ndege akiwavuta watu majini. Nikamkumbuka nilipoona wavuvi wa Bukoba mwaka 2022 wanaikimbilia ile ndege iliyoangukia ziwani. Watu wa taa na boti ndio hufika mwanzo.

Sasa mzuka wenyewe. Vifaa vizima vilivyookolewa kwenye mabaki vilisafishwa vikafungwa kwenye TriStar nyingine za shirika lilelile, na inasimuliwa oveni za jikoni zikaenda kwenye ndege namba 318. Hapo maneno yakaanza. Wahudumu wakasema wamemwona Loft kakaa daraja la kwanza na sare zake, ukimsemesha hajibu, ukigeuka hayupo. Repo yeye kaonekana uso wake kwenye kioo cha oveni, na mara nyingine mhandisi anakuta mtu kashamkagulia ndege. Kikaandikwa kitabu, ikatoka na filamu ya televisheni. Aliyekuja kuwa mkuu wa shirika, Frank Borman, yule aliyeuzunguka mwezi na Apollo 8 mwaka 1968, alisema ni upuuzi mtupu. Na huyo hakuwa mtu wa kusimuliwa, usiku ule wa ajali mwenyewe aliingia kinamasini kusaidia majeruhi.

Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Borman. Hao mashahidi karibu wote hawana majina, kila mmoja kaambiwa na mwingine. Ila kuna kitu kimoja katika masimulizi yale sijawahi kukitupa. Wale wafu hawamkabi mtu, hawadai damu. Kila wakionekana wanaonyesha kifaa. Angalia hapa, moto utatokea pale. Ukitaka, sema ni mizimu. Ukitaka, sema ni wafanyakazi wenye hofu ambao macho yao tayari yalikuwa yanatafuta kilichoharibika, na anayetafuta huona.

Mzuka wako kanyoosha mkono wapi? Kwenye mashine. Mashine iliyolala siku mbili kwenye maji ya chumvi. Umeshaifungua?

MamaDagaa_Sahare

Baba, ahsante, mwili umenisisimka. Kuifungua sijaifungua, ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja, nikaona ni nzima. Lakini nijibu ukweli, wewe unaamini?

Fundi Ndege Mstaafu

Sijawahi kuona kitu, mwanangu. Lakini zamu ya usiku, nikibaki peke yangu ndani ya ndege tupu, nilikuwa napiga mluzi.

WajaLeo

Hahaha mzee kajifunga goli mwenyewe.

Mvuvi wa Kigombe

Mzee kamaliza, naongezea ya kwetu. Mashine iliyozama baharini, kuwaka si hoja. Chumvi inakula taratibu. Itaenda mwezi, itaenda miwili, halafu itakuzimikia katikati ya mkondo na pepo zinavuma. Toa plagi uone rangi yake. Shika waya za plagi uzikunje, zikilia kama majani makavu hizo zimekufa. Fuata bomba la mafuta kuanzia kwenye tangi hadi kabureta, usiishie pale linapoonekana. Pampu ya maji itoe kabisa, usiitazame kwa nje.

Na harufu je? Vijana wako wanalalamika petroli inanuka? Kijana wa taa anakaa wapi, upande moshi unaokwenda? Mimi mwenyewe nilishawahi kuvuta mvuke wa petroli usiku kucha kwa tangi bovu, nikamwona marehemu babu yangu anatengeneza dema, ule mtego wa samaki, juu ya maji. Na nilimwamkia.

Bibi wa Chumbageni

Shikamoo yake aliitika?

Mvuvi wa Kigombe

Marahaba hakusema, bibi. Ndipo nikajua hapa kuna tatizo.

MamaDagaa_Sahare (mrejesho)

Nimekuja na mrejesho, samahanini kwa kimya.

Fundi alikuja Jumatatu. Alitoa kifuniko, akakaa akaitazama kwa muda, akaniuliza nani alinifungia hii. Bomba la mafuta limepasuka kwa ndani, mahali lilipofungwa kamba ya mpira na kupakwa gundi, linatoka jasho la petroli. Tukasubiri magharibi, mashine tumeiweka kwenye pipa la maji, petroli ile ameifuta yote na bomba kabadilisha. Akaniambia, "Dada, njoo uone." Akazima taa ya kibandani, akavuta. Wallahi niliona kwa macho yangu vicheche vya buluu vinatambaa juu ya waya wa plagi ya chini, kama wadudu. Waya umepasuka ganda. Vicheche hivyo, na lile jasho la petroli lilikuwa chini yake kiganja kimoja tu. Vijana watano nje ya Ulenge, na madumu mawili ya petroli botini. Nilikaa kwenye ndoo, miguu haikunishika.

Waya, bomba, plagi na pampu vimenila 310,000. Ijumaa kikoba niliomba wiki, wakanipa kwa maneno.

Halafu nikafanya la bibi. Nilikwenda Pangani, nikavuka na kivuko hadi Bweni, nikampata mjane. Ana watoto wawili, mdogo ananyonya. Mashine iliuzwa na shemeji yake, yeye akapewa gunia la mchele na kanga. Sikujua niseme nini, maana hela yangu mimi nilishatoa na haiwezi kutoka mara mbili. Tumekubaliana kila giza, kwenye fungu la mashine, nitamtumia kidogo kwenye simu mpaka moyo wangu utulie. Hitima wataisoma Alhamisi ijayo, sukari na mchele natoa mimi.

Nikiwa naaga nikaliona. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, koti la mvua la njano. Nikamuuliza. Akasema ndilo lenyewe, siku ile hakulivaa, aliondoka kuna jua akasema atarudi mapema.

Kwa hiyo aliyefia majini hakuwa na koti. Nimelifikiria njia nzima, pande zote mbili, na bado.

Jana wametoka. Nahodha kabla ya kusukuma boti aliwahesabu vijana kwa sauti, akawagusa mabega mmoja mmoja. Watano. Habari ya koti sijawaambia.