Mipira ya Corolla AE101: kazini siku zote, uwanjani mara moja moja

Kijana wa Jang'ombe
Assalaam alaykum wakubwa. Nina AE101, injini 4A-FE, mipira yake 185/60R14. Kazi yangu iko Fumba, naenda nayo kila siku. Mara moja moja navuka nayo Bara kuikimbiza kwenye kiwanja kilichofungwa, tunazunguka koni. Mipira imeshakuwa vipara. Mwanakwerekwe nimeona mtumba wa Japani, kashata (yale meno ya juu yanayokanyaga lami) bado nene, na mpira wenyewe laini, ukiubonyeza ukucha unaingia. Nikaona hii ndiyo itakayoshika lami. Rafiki yangu yeye anasema nichukue semi-sliki, ile mipira ya mashindano yenye mifereji michache, nimalize kazi. Nishike lipi?

Mchangani_86
Mtumba achana nao yakhe. Nunua mipya, hata ya bei ndogo.

Ami wa Bububu
Wa alaykum salaam mwanangu. Kabla hujatoa pesa, rudi ukausome mpira ubavuni. Tafuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Japani kuna theluji, na mipira ya msimu ule hutengenezwa laini makusudi isikakamae kwenye baridi. Ukiileta kwenye jua letu hili inalainika kupita kiasi, kashata zinacheza, ukikata kona gari inayumba na ukifunga breki inachelewa kusimama. Huo ulaini uliokupendeza ndio ubaya wenyewe.

Halafu tazama nambari nne za mwisho baada ya herufi DOT hapo hapo ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 3118 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2018. Kashata nene haisemi kitu kama mpira umezeeka.

Semi-sliki kama Toyo R888R ni mpira wa kweli, lami kavu ukishapata moto utaufurahia. Lakini mifereji yake michache, na masika maji yakituama njiani gari itaelea. Tena unakwisha haraka, nawe unataka wa kwendea kazini. Kama una nafasi ya kuweka rimu za pili nyumbani, sawa. Kama huna, chukua mipira mipya ya sport ya barabarani. Ikiwa imeandikwa TREADWEAR, yaani nambari ya kukaa kwa mpira kabla ya kwisha, ya 200 hivi inashika zaidi, ya 400 inakaa zaidi. Mie kwa safari zako ningekwenda katikati.

Upepo upime gari haijatembea, kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni kwa dereva. Uwanjani chukua chaki, uipake begani mwa mpira, kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni. Piga mizunguko yako, simama, tazama. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, mpira unalala, ongeza upepo psi 2. Ikibaki mpaka juu ya kashata, upepo umezidi, punguza. Na kama umepunguza mpira una moto, ujaze tena kabla ya kurudi bandarini, maana ukipoa utakuwa chini ya kiasi.

Mchangani_86
Ami kasema kweli, ila mipira ya sport ya rimu 14 ni taabu kuipata. Ya 15 ipo mingi.

Kijana wa Jang'ombe
Ami, shukran. Nimerudi kuitazama: STUDLESS, 4416. Muuzaji kaniambia ni jina la kampuni 😂 Sasa nikipanda rimu 15, mwendo kwenye dashibodi hautodanganya?

Ami wa Bububu
Weka 195/50R15. Kimo cha 185/60R14 ni milimita 577 na kitu, hiyo ni 576, dashibodi haitojua. Nambari ya uzito inaoweza kubeba mpira, ile inayofuata saizi ubavuni, tafuta 82 kama ya zamani. Rimu iwe ya nati nne, duara la nati 100 mm, na tundu la kati 54.1 mm, likiwa kubwa zaidi tia ringi, la sivyo usukani utatetemeka. Kabla ya kufunga, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone haisugui. Na alaimenti usiiache, hiyo gari ina miaka zaidi ya 20, bushi zake nazo zitazame.

Mchangani_86
Nina rimu za 15 zimekaa tu stoo, nati nne. Nipigie baada ya Isha.