Shabiki anayenipa zawadi nyingi kwenye laivu anataka nimwandikie risiti ya "matangazo" apunguze kodi yake. Naombeni ushauri

rangi_za_usiku (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaorusha laivu na mnaojua mambo ya kodi.

Mimi ni mchoraji. Usiku narusha laivu nikiwa nachora huku naongea na watu kwenye chati. Kipato changu kinatokana na wanachama wa kulipia, zawadi za papo kwa papo na oda za picha. Sasa kuna shabiki mmoja, hapa nitamwita Nyota kwa sababu ndiyo alama anayopenda kutuma. Ndiye anayetoa kuliko wote. Mwanzoni alikuwa mtu wa heshima: anatuma zawadi, anasifia kazi, anaendelea kutazama.

Siku hizi akiingia anataka asalimiwe kwa jina kabla ya yeyote. Nikiwa namweleza mtu jinsi ya kuchanganya rangi ya ngozi, yeye anatuma zawadi ndogondogo mfululizo ili kengele ilie nishindwe kumaliza sentensi. Nikiinama kuchora kimya kidogo anaandika, "Naona leo sina thamani humu." Wageni wakiingia anawaambia kwamba bila yeye chaneli hii ingekuwa imefungwa. Baadhi ya watu wangu wa siku nyingi wameniambia faraghani kuwa wameacha kuja kwa ajili yake.

Sasa kaniandikia ujumbe binafsi. Anasema ana biashara, na anataka nimwandikie risiti moja ya zawadi zote alizotoa mwaka huu, ionyeshe kuwa nimemfanyia matangazo, ili aziingize kwenye gharama za biashara yake. Sijawahi kuitangaza biashara hiyo, hata jina lake silijui. Nilipomwambia anipe muda nifikirie, akajibu kuwa nisipoandika atazidai pesa zote kupitia benki yake. Akamalizia kwamba kwa vile ni zawadi, mimi mwenyewe sina haja ya kuzitaja kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato ninayopeleka kwa mamlaka ya kodi, kwa hiyo hakuna atakayefuatilia.

Nataka kujua mambo mawili. Zawadi za mashabiki ni mapato ya kutozwa kodi au siyo, na kama ni mapato, gharama zangu zipi naweza kuzikata? Halafu huyu mtu nimfanyeje bila kuivuruga chati nzima? Nampenda kila anayekuja kunitazama, yeye pia, ndiyo maana nimekuja kuuliza kabla sijachukua hatua.

Hesabu_Safi

Dada, risiti hiyo usiandike. Nafanya kazi ya uhasibu na nimeona karatasi za namna hii zikimfikisha mtu pabaya.

Angalia anachokuomba. Kwenye vitabu vyake anataka pesa hizo ziitwe malipo ya huduma, kwenye vyako anataka ziitwe zawadi zisizotajwa popote. Haziwezi kuwa vyote viwili. Siku mamlaka ya kodi ikimkagua, mkaguzi ataiona risiti yenye jina lako na atakuja kuuliza mapato hayo uliyaandika wapi, na tangazo lenyewe liko wapi. Aliyesaini kwamba huduma imetolewa ni wewe. Katika nchi nyingi hati ya uongo ya kumsaidia mtu kukwepa kodi ni kosa kwa aliyeiandika pia, hata kama hakupata chochote cha ziada.

Kuhusu zawadi: kitufe kinaitwaje hakina uzito kwenye kodi. Zawadi inayosamehewa kwa kawaida ni ile ya kindugu, mtu anakupa kwa mapenzi bila kutarajia chochote kwa kazi yako. Wewe unarusha kipindi kwa ratiba, watu wanakulipa kwa sababu ya kipindi hicho. Hayo ni mapato ya kazi, yaandike yote.

Na uyaandike ghafi, yaani kabla jukwaa halijachukua chake. Mfano YouTube humwachia mwenye chaneli asilimia 70 ya Super Chat, yaani pesa anazolipa mtazamaji ili ujumbe wake uonekane zaidi kwenye chati. Ile asilimia 30 iandike kama kamisheni. Ukiandika tu kilichoingia benki, hesabu zako hazitalingana na taarifa ya jukwaa na utashindwa kueleza tofauti.

Kwenye gharama, kanuni inayokaribiana karibu kila mahali ni kwamba matumizi yawe ya kuzalisha mapato. Karatasi, rangi, programu ya kuchorea, ada ya kutuma picha za oda, malipo ya wasimamizi wa chati, hayo hayana ubishi. Kishikwambi na kamera ni vifaa vya miaka kadhaa, kwa hiyo mara nyingi huvikati vyote mwaka mmoja bali kidogokidogo kwa uchakavu, isipokuwa sheria ya kwenu inaruhusu vinginevyo. Intaneti na umeme unakata sehemu ya kazi tu. Nguo unayovaa ukiwa laivu, kama ni nguo unayoweza kutoka nayo barabarani, iache. Chumba ndicho kinachowaponza wengi. Marekani, kwa mfano, inataka sehemu hiyo itumike kwa kazi peke yake na mara kwa mara, kwa hiyo meza ya kuchorea iliyo pembeni ya kitanda inaingia, lakini kitanda hakiingii. Pima eneo la meza na vifaa, piga picha, hifadhi.

Angalia pia kama nchi yako ina msamaha wa mapato madogo. Uingereza husamehe pauni 1,000 za kwanza za mapato ya biashara kwa mwaka, ila ukiuchukua msamaha huo huwezi tena kukata gharama. Piga hesabu zote mbili ndipo uchague.

Jasiri_wa_Mtandao

Mimi naona mnamtisha bure. Mteja mkubwa hakataliwi. Mwandikie risiti, pesa ziendelee kuingia, na hapo kwenye laivu taja jina la biashara yake mara moja ili pawe na ukweli kidogo.

Hesabu_Safi

Mkuu, kutaja leo hakuwezi kuwa tangazo la miezi iliyopita. Kama anataka kutangaza kuanzia sasa, milango iko wazi: wakubaliane bei kwa maandishi, dada atoe ankara yenye tarehe halisi, atangaze kweli na awaambie watazamaji wazi kuwa amelipwa. Hiyo ni biashara halali na wote wawili wataiandika. Za nyuma zinabaki zawadi za shabiki kwa mchoraji anayempenda, na kwa kawaida hizo kwake ni matumizi binafsi, hayakatwi popote. Hata kuziita sadaka hawezi, maana dada si taasisi ya hisani iliyosajiliwa.

mlinzi_wa_chati

Pole sana dada. Mimi nimesimamia chati za watu wengi na mtu wa aina hii namjua vizuri. Ngoja niache kodi kwa wataalamu nizungumzie kengele.

Kengele ndiyo fimbo anayokuchapia. Ingia kwenye mipangilio ya tahadhari, yaani zile arifa zinazolia na kutokea kwenye skrini zawadi ikiingia, weka kiwango cha chini cha zawadi kinachotoa sauti, kipandishe juu ya zile ndogondogo anazotuma. Chini ya hapo zawadi ipokewe lakini isilie na isitokee kwenye skrini. Kisha weka muda kati ya tahadhari moja na nyingine, zijipange kwenye foleni hata akituma kumi kwa mpigo. Ukiwa unafundisha kitu, kama hiyo rangi ya ngozi, bonyeza kitufe cha kusimamisha tahadhari, zisome ukimaliza. Wewe ndiye uamue ni wakati gani unakatizwa.

La pili, kama una ubao unaoonyesha nani ametoa zaidi, uondoe leo hii. Ubao huo ndio unaomwambia kila siku kuwa yeye ni mkubwa wa humu. Badala yake shukuru watu kwa pamoja mwisho wa kipindi, soma majina yote bila kiasi. Aliyetoa kidogo na aliyetoa kingi wasikike sawa.

La tatu ni wageni. Maneno ya "bila mimi chaneli ingefungwa" yanafukuza watu kuliko matusi, maana tusi utalifuta, hili linakaa. Andika kanuni kwamba hakuna kujadili nani ametoa nini. Mwambie msimamizi wako afute ujumbe wa namna hiyo bila mjadala, wa Nyota na wa mwingine yeyote. Akirudia apewe dakika kumi za kunyamazishwa, kisha saa, kisha siku. Usimtangaze laivu, usimjibu hadharani. Ukibishana naye mbele ya watu umempa kile kile alichokuja kukitafuta.

Upepo_wa_Jioni

Nakubaliana na mlinzi, ila naomba tusimsahau kuwa naye ni mtu. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio wanaojihisi kuwa marafiki wa karibu wa mtangazaji asiyewajua kabisa. Kwenye laivu hali hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu mchoraji anajibu. Anataja jina lako, anacheka ulichoandika. Mtu mpweke akipata hilo usiku mmoja atalitafuta tena kesho, na kama njia ya uhakika ya kulipata ni kulipa, atalipa hadi pesa zake zimwume, halafu ataanza kudai. Dada hajamfanyia ubaya. Ila ni vizuri aambiwe faraghani, kwa upole, kwamba asitoe zaidi ya anachoweza kukisahau.

rangi_za_usiku

Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. Kengele nimesharekebisha na ubao nimeutoa. Kuhusu risiti moyo umetulia, siandiki.

Bado nina hofu na hilo la benki. Zawadi zake nyingi zilipita kwenye jukwaa, nyingine aliniwekea moja kwa moja kwenye akaunti ya malipo ya mtandaoni. Anaweza kweli kuzirudisha? Na kitu kingine: naona kwenye malipo yangu kuna kodi iliyokatwa Marekani, nami siishi huko.

fundi_malipo

Za jukwaani usihangaike sana. Yeye alinunua sarafu au alama kutoka kwa jukwaa, kwa hiyo akipinga, benki yake inaanza na jukwaa. Jukwaa linaweza kukukata kwenye salio, lakini mara nyingi akaunti yake nayo hufungiwa. Za moja kwa moja ndizo zenye hatari, kwa sababu hapo mlipwaji ni wewe. Kwa kadi, madai ya aina nyingi hupokelewa hadi siku 120, na ukishindwa unarudisha pesa pamoja na ada. Kwa hiyo hifadhi rekodi za laivu zinazoonyesha zawadi ikiingia na yeye akiandika kwa hiari, hifadhi ule ujumbe wa risiti na vitisho kama ulivyo, pamoja na tarehe, na usiufute hata ukimzuia. Mtu aliyeandika "usipofanya hivi nitazidai pesa" amejitolea ushahidi mwenyewe kwamba malipo aliyafanya yeye. Kisha funga hiyo njia ya moja kwa moja kwa sasa, anayetaka kutoa apitie jukwaani.

Hiyo ya Marekani ni kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla pesa haijakufikia. YouTube, kwa mfano, tangu Juni 2021 hukata kodi kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, hata kama mwenye chaneli yuko nje. Bila mkataba wa kodi kati ya nchi yako na Marekani kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo tu. Ila usipojaza taarifa zako za kodi wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote, ya dunia nzima. Mtu binafsi asiye Mmarekani hujaza fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN, na kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini. Wengi huisahau hapo. Hifadhi taarifa ya makato, kwa sababu nchi nyingi huruhusu kodi uliyokatwa nje ipunguzwe kwenye kodi ya nyumbani.

rangi_za_usiku

Nimemwandikia Nyota. Nimemshukuru kwa yote, nimemwambia risiti ya huduma ambayo sikutoa siwezi kuandika, kwamba zawadi zake zimo kwenye hesabu zangu kama mapato, na kwamba humu anakaribishwa kama watu wengine hata asipotoa senti. Amejibu kwamba basi nimrudishie nusu tuyamalize. Kusema kweli nafikiria kumtumia hiyo nusu nipate amani. Nifanye hivyo?

Hesabu_Safi

Usimtumie kwa njia nyingine tofauti na ile iliyoleta pesa. Ukimtumia kwa simu au benki, kesho anaweza bado kupinga malipo ya awali kwenye kadi yake, na utakuwa umelipa mara mbili. Ukiamua kurudisha, na hulazimiki, fungua muamala wenyewe kwenye akaunti ya malipo ubonyeze kurejesha, ili upande wake uonekane umefungwa. Kwenye vitabu uandike kama marejesho yanayopunguza mapato, kwa tarehe uliyorejesha, uambatishe namba ya muamala. Ukipeleka kama "zawadi kwa shabiki" hutaweza kukata hata kidogo. Za jukwaani usiziguse, mwelekeze kwao.

mlinzi_wa_chati

Na akiingia laivu usiku huu, msalimu akifika zamu yake.