Laini ya 400 kV usiku mzigo mdogo, megavari ni za nani?

mwanafunzi_umeme: Wakuu habari za jioni. Nasoma umeme mwaka wa tatu, kuna kitu kinanisumbua. Hii laini ya Isinya–Singida inayopita Namanga, kilomita 500 na ushee, usiku mzigo ukishuka tunaambiwa volteji inapanda. Sasa zile megavari (kipimo cha umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, ila unapandisha au kushusha volteji) zinazotoka kwenye laini yenyewe nani anazibeba, Kenya au Tanzania? Megawati zinauzwa kwa mkataba na mita inasoma, hizi je?

kv400: Swali zuri mkuu. Laini ndefu ni kapasita kubwa tu (kifaa cha kuhifadhi chaji), nyaya juu ardhi chini. Kwa 400 kV kila kilomita inatoa kama megavari 0.6, yaani saketi moja (seti moja ya nyaya) ya urefu huo ni karibu 300, na ile ina saketi mbili. Mzigo ukiwa mkubwa nyaya zenyewe zinazila, usiku zinabaki, ndo maana kunafungwa riakta, yaani koili kubwa za kuzinyonya (si zile za nyuklia). Halafu megavari hazisafiri mbali kama megawati, zinaliwa njiani, kwa hiyo kila mtu amalize zake kwake, mpakani mkubaliane zipite karibu na sifuri.

zamu_ya_usiku: Hapo kwenye sifuri naongezea. Huku mmoja ameshikilia 410 kV na kule mwenzake 395, megavari zitavuka mpaka mtake msitake. Kwanza mkubaliane volteji ya kila ncha, saa kwa saa. Someni habari ya umeme kukatika Hispania 28 Aprili 2025, inauma. Gridi ilianza kuyumba, waendeshaji wakapunguza umeme wa kwenda Ufaransa na kuwasha laini zaidi, kuyumba kukatulia lakini volteji ikapanda, maana laini zimebaki na mzigo mdogo. Mitambo mikubwa haikunyonya megavari za kutosha, sola nyingi zilikuwa zimesetiwa kutofuata volteji kabisa, zikaanza kutoka moja moja na kila ikitoka volteji inazidi kupaa, saa 6:33 mchana Hispania na Ureno giza.

mwanafunzi_umeme: Duh, kumbe volteji kuzidi nayo inaangusha nchi nzima! Kwa hiyo jirani anapigiwa simu lini?

zamu_ya_usiku: Kabla hujagusa riakta au tepu (swichi ya kupandisha na kushusha volteji) ya transfoma iliyo karibu na mpaka. Ukitoa riakta kimyakimya yeye anaona volteji imepanda anashusha tepu, na wewe unaona imeshuka unapandisha, mnashindana usiku kucha.

kv400: Hapo nimekubali mkuu, volteji ya kila ncha kwanza.